Dufu, kengele na mwana hiti: Nani anailinda sanaa ya imani pwani ya Bagamoyo?

Na Mwandishi Wetu

MJI wa Bagamoyo hupokea wageni wengi kwa sababu mbili kubwa. Moja ni Tamasha la Sanaa, lililoanza mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa kwa Chuo cha Sanaa ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Nyingine ni maulidi na ziara ya wafuasi wa twarika ya Qadiriyya, wanaotoka bara na visiwani kuja kuzuru kaburi la Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki dunia mwaka 1931.

Mgeni asiyejua lolote kuhusu nchi yetu, akisimama kando na kuitazama mikusanyiko hiyo miwili, ataona mambo yanayofanana sana. Ataona safu za watu wanaokwenda kwa mwendo mmoja, atasikia sauti inayoongoza na sauti nyingi zinazoitikia, ataona mavazi yaliyoandaliwa kwa ajili ya siku hiyo. Lakini katika mafaili ya Serikali, mkusanyiko wa kwanza ni sanaa na wa pili ni dini. Wasanii wanaangaliwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililo chini ya wizara yenye dhamana ya utamaduni. Jumuiya za dini zinasajiliwa katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Na msikiti ukishakuwa gofu, unahamia katika orodha ya mambo ya kale, chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii.

Kiofisi, mgawanyo huo una urahisi wake. Tatizo ni kwamba watu wa mwambao huu hawakuwahi kuishi kwa kuufuata. Sehemu kubwa ya sanaa yao ilifanywa ndani ya ibada, na waliogombana juu yake hawakuwa Waislamu kwa upande mmoja na Wakristo kwa upande mwingine. Waligombana Waislamu kwa Waislamu, na Wakristo kwa Wakristo. Kwa kuwa Serikali inaogopa, na ina sababu ya kuogopa, kuingia katika ugomvi wa ndani ya dini, sanaa hiyo imebaki haina wa kuisemea.

Tuanze na mawe. Kaole, kiasi cha kilomita tano kusini mwa Bagamoyo, kuna magofu ya msikiti ambao wataalamu wanautaja kuwa wa karne ya 13, miongoni mwa ile ya kale kabisa katika pwani ya bara. Kando yake kuna makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu zilizosimama upande wa kichwani. Makaburi ya namna hiyo yako pia Kunduchi, karibu na Dar es Salaam. Katika nguzo na kuta zake mafundi walipachika mabakuli na sahani za kaure zilizotoka China.

Msomaji na atulie kidogo hapo. Mikono ya watu wa China, ambao hawakuwa na habari na Makka, ilitengeneza bakuli. Jahazi likalivusha Bahari ya Hindi. Na Mwislamu wa Kaole akaona kuwa chombo hicho ndicho kinachofaa kuipamba mahali alipolala mzazi wake. Nguzo yenyewe ni ubunifu wa Waswahili. Ukienda Hijazi au Misri huioni. Tena, wanachuoni wengi wa sheria ya Kiislamu, wakitegemea hadithi za Mtume, wanachukia kaburi kujengewa, sembuse kupambwa. Kwa hiyo nguzo za Kaole ni ushahidi wa mjadala wa zamani sana: sheria inataka kaburi liwe sawa na ardhi, na mapenzi ya watu kwa wafu wao yanataka lionekane kutoka mbali. Waliojenga walikuwa Waislamu safi, na waliowalaumu bila shaka walikuwa Waislamu safi.

Mawe hayo hayo ya matumbawe, chokaa hiyo hiyo iliyochomwa pwani, na boriti za mikoko zilizokatwa katika delta zetu, ndizo zilizotumika kujenga majumba ya wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi mjini Bagamoyo. Na Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, nao walijenga kwa vifaa vilivyokuwapo na kwa ujuzi wa mafundi waliokuwapo. Kanisa lao la kwanza, la mwaka 1872, ndilo ambalo mwili wa David Livingstone ulipumzishwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Kanisa kubwa linalotumika sasa lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Madirisha yake ni ya Ulaya. Kuta zake zinatokana na bahari ile ile iliyotoa kuta za Kaole.

Jambo hilo halikuwa la Bagamoyo peke yake. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mombasa, lililokamilika mwaka 1905, lina kuba ambalo mgeni anaweza kulidhania la msikiti. Zanzibar, Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini katika miaka ya 1870, akachanganya mtindo wa Ulaya na nakshi za mashariki. Wamisionari hao hawakuwa wakifanya hivyo kwa kuukubali Uislamu, la hasha. Walitaka nyumba yao ya ibada ieleweke, machoni mwa watu wa pwani, kuwa ni nyumba ya ibada.

Ila mawe hayana kelele. Ugomvi mkubwa umekuwa juu ya ngoma, na hapa ndipo historia ya Sheikh Ramiya inapostahili kuangaliwa kwa makini.

Sheikh Ramiya alizaliwa Manyema, mashariki mwa nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa, akawa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, liwali wa Bagamoyo. Akasoma, akafanya biashara, akafungua darasa, na mwisho akawa kiongozi wa Qadiriyya ambaye hata watoto wa waungwana walikwenda kusoma kwake. Msomi wa Marekani, August Nimtz, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu twarika na siasa Tanganyika, alionyesha jinsi twarika zilivyofungua mlango kwa watu ambao mfumo wa zamani wa pwani uliwaweka nje: watumwa na wana wa watumwa, watu wa bara, na wanawake.

Sasa tazama upande wa pili wa mji. Kijiji cha Uhuru cha misheni kilijaa watu wa historia ile ile: waliotekwa bara, wakaletwa pwani, wakakombolewa. Mtoto aliyetoka bara akiwa katika msafara wa watumwa angeweza kuishia chini ya kengele ya mapadri au katika duara la zikri, kutegemea aliyemnunua. Pande zote mbili mtu huyo alihitaji kitu cha kuimba pamoja na wenzake, kwa sababu lugha ya nyumbani, mizimu ya nyumbani na ngoma za nyumbani vilikuwa vimebaki nyuma ya safari ya miezi kadhaa. Twarika ilimpa zikri. Misheni ilimpa nyimbo za Misa.

Zikri ya Qadiriyya, ambayo katika mwambao huu inahusishwa sana na Sheikh Uways wa Barawa aliyeuawa mwaka 1909, ni ya sauti na ya mwili. Watu husimama, huinama na kuinuka pamoja, na pumzi yao hugeuka kuwa mapigo. Wakoloni wa Kijerumani waliiogopa, hasa baada ya ile barua iliyodaiwa kutoka Makka kusambaa pwani mwaka 1908. Lakini hofu ya Mjerumani ilikwisha pamoja na utawala wake. Upinzani uliodumu ni wa wanachuoni wenyewe.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa akitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwakemea Waislamu kwa mambo aliyoyaona ni uzushi. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, yule yule aliyetupatia tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1969, aliandika kitabu kizima juu ya bidaa. Upande wa pili walikuwapo watu kama Habib Saleh wa Lamu, muasisi wa msikiti wa Riyadha, aliyeyakubali matari katika maulidi na akalaumiwa kwa hilo. Hao wote walikuwa wa madhehebu moja ya Shafi. Walisoma vitabu vile vile. Na katika vitabu hivyo yumo Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyetetea usikilizaji wa nyimbo kwa masharti, pamoja na wengine wasiotaka hata kusikia habari zake. Anayesema kuwa Uislamu unakataza muziki, na anayesema kuwa Uislamu hauna neno na muziki, wote wawili wanafupisha mjadala wa miaka elfu moja.

Mjadala huo haujaisha. Mwaka 2016 Mzee Yussuf, mwimbaji wa taarabu aliyeitwa mfalme wa fani hiyo, alitangaza kuuacha muziki ili ashughulike na dini. Miaka michache baadaye akarejea jukwaani. Wapo waliomcheka mara ya kwanza, wapo waliomcheka mara ya pili. Mimi naona waliocheka hawakuelewa uzito wa jambo lenyewe: mtu aliyepata riziki na jina kwa kipaji anachoamini kuwa amepewa na Mungu, anaambiwa kuwa kukitumia kipaji hicho ni kumuasi aliyempa. Wasanii wangapi wa pwani wanalibeba swali hilo kimya kimya hatuwezi kujua, kwa kuwa si wote wenye kuitwa na waandishi wa habari.

Kwa Wakristo, mambo yalikwenda kwa njia nyingine yakafika pale pale. Wamisionari wengi wa karne ya 19 waliisikia ngoma wakadhani wanamsikia Ibilisi. Mgeuko rasmi kwa Wakatoliki ulikuja na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliopitisha hati yake juu ya liturujia Desemba 4, 1963, na kuruhusu muziki wa mataifa kuingia katika ibada. Mwaka huo huo, padri Mtanzania, Stephen Mbunga, alichapisha utafiti wake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa Walutheri, Howard Olson wa Makumira alikusanya nyimbo zenye mahadhi ya Kiafrika katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Leo ngoma na kayamba zikikosekana katika Misa ya sikukuu, waumini wenyewe watauliza kulikoni.

Hata hivyo, zipo leo huduma za wokovu ambazo wahubiri wake wanazilaani ngoma za jadi na vinyago, huku wakihubiri kwa gitaa la umeme na kinanda, na mwendo wa sebene kutoka Kongo ukiwainua watu vitini. Wapo pia vijana wa Kiislamu waliolikataa dufu, wakatoa kaswida za sauti tupu zilizorekodiwa kwa ustadi wa studio. Wanaoikataa sanaa kwa jina la dini mara nyingi huishia kuleta sanaa nyingine. Nadhani hilo lingetupunguzia hofu kama sanaa inayokataliwa ingekuwa na mahali pa kukaa wakati inasubiri kurudiwa, na mahali hapo hapapo.

Kuna ushahidi mwingine wa jinsi imani zetu zilivyokopeshana. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki aliyefariki mwaka 1969, aliuchukua utenzi, umbo lililolelewa na wanachuoni wa Kiislamu wa Pate na Lamu kwa kusimulia vita vya Mtume, akalitumia kuiandika Injili na Zaburi. Hakuomba ruhusa wala hakushitakiwa. Umbo la utenzi lilikuwa limekwisha kuwa la Waswahili wote.

Lakini mfano unaonigusa zaidi kuliko yote uko Bunju, katika barabara ile ile ya kwenda Bagamoyo, mahali ambapo msomaji wa Dar es Salaam anapajua kwa foleni, viwanja na bei zake. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, alikaa Bunju ilipokuwa bado kijiji cha Wazaramo, na mwaka 1970 akachapisha kitabu juu ya mila na alama zao. Watu wa Bunju walikuwa Waislamu. Walisoma maulidi. Na binti alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa kwa nyimbo na ngoma.

Chombo kilichohusishwa na mafunzo hayo miongoni mwa Wazaramo na Wakwere ni mwana hiti: sanamu ndogo ya mti inayoshikika mkononi, haina mikono wala miguu, ina kiwiliwili, matiti na kichwa chenye nywele zilizogawanywa mafungu mawili. Mwali aliitunza kama mtoto, akaipaka mafuta, akaisuka. Umbo hilo hilo lilichongwa pia katika viti vya wakubwa na katika nguzo za makaburini. Kwa hiyo katika mwambao mmoja tulikuwa na kaburi la jiwe lililopambwa kwa kaure, na kaburi la mti lililochongwa umbo la mtoto wa kike.

Mwana hiti za zamani sasa ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani na katika minada ya watu wenye fedha, zikiwekewa taa na maelezo juu ya uzuri wa umbo. Mpya zinachongwa kwa ajili ya watalii. Mchongaji hana kosa, ana watoto wa kusomesha. Ila kilichopotea ni yale mafunzo yaliyofanya kipande cha mti kiwe na maana, kwa kuwa somo aliyekuwa akiyajua anaambiwa na shehe kuwa ni ushirikina, anaambiwa na mchungaji kuwa ni mapepo, na anaambiwa na ofisa wa maendeleo kuwa ni mila potofu. Baadhi ya mafunzo ya unyago yalistahili kuachwa, na sitayatetea. Lakini watu watatu wasiokubaliana kwa jambo lolote jingine wamekubaliana juu ya mama huyo mmoja.

Serikali ilikuwa na jibu lake. Desemba 10, 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Vikaja vikundi vya taifa vya ngoma, na baadaye Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kazi iliyofanyika ilikuwa kubwa. Chuo hicho ndicho kilichokuwa na mwalimu kama Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka zeze na malimba duniani kote hadi alipofariki mwishoni mwa 2003. Lakini masharti ya jukwaa la taifa yalikuwa kwamba ngoma iache ibada mlangoni. Sindimba ya jandoni na unyagoni ikawa onyesho la dakika chache mbele ya wageni wa kitaifa. Kwa taifa changa lenye makabila zaidi ya mia moja na dini zinazotazamana, huenda hapakuwa na njia nyingine. Gharama yake ni kwamba ngoma isiyoweza kuacha ibada haikuingia jukwaani, na zikri ya Qadiriyya ni mojawapo.

Aliyepita katikati bila kusumbuka alikuwa Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Mwaka 1972 mtawa huyo alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, na ndani yake akakua msanii George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005, aliyejulikana duniani kwa kuchora na kuchonga mashetani. Mtawa wa Kikatoliki aliyalea mashetani ya Kimakonde, na Kanisa halikuanguka.

Tumeona pia kinyume chake. Mwaka 2012 huko Timbuktu, nchini Mali, wapiganaji walioshika mji waliyabomoa makaburi ya mawalii kwa sururu, wakidai kuyatakasa mafundisho. Mmoja wao alifungwa miaka tisa na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu mwaka 2016. Sisemi kwamba pwani yetu imefika huko. Nasema hoja iliyotumika kule, kwamba kaburi linalozuriwa ni sanamu linaloabudiwa, inasikika pia katika mihadhara yetu, na Kaole lipo kaburi la Sharifa ambalo watu wanakwenda kuomba mbele yake mpaka leo.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Inailinda hata milango na fremu za milango zilizochongwa kabla ya 1940, na ndiyo maana mlango wa nakshi wa Bagamoyo hauwezi kuuzwa kiholela nje ya nchi. Mwaka 2011 Tanzania iliridhia pia mkataba wa UNESCO wa 2003 unaohusu urithi usioshikika: nyimbo, mafunzo, ujuzi. Kwa mkataba huo zikri ya Bagamoyo, nyimbo za mwali za Bunju na kwaya za kayamba ni mali ya kuorodheshwa na kutunzwa sawa na mlango.

Kazi hiyo haihitaji Serikali iamue nani yuko sahihi katika dini. Inahitaji TaSUBa, ambayo iko dakika chache kutoka kwenye kaburi la Sheikh Ramiya na dakika chache kutoka kwenye makumbusho ya misheni, ipeleke wanafunzi wenye vinasa sauti kwa wazee wa twarika, kwa walimu wa kwaya na kwa masomo wa unyago, kwa ridhaa yao, na kuyahifadhi yatakayopatikana. Inahitaji pia viongozi wa dini wakubali kuwa kukitunza kitu si kukihalalisha. Kunduchi, katika makaburi yasiyo na mtu wa kuyazuru, kaure nyingi zimekwisha kubanduliwa, na katika nguzo yamebaki matundu ya mviringo yanayoonyesha ukubwa wa bakuli lililokuwapo.